Vidonge vya Mama Mkwe Vinakwenda Wapi?

Jumanne mteja mmoja alikaa kwenye benchi la dukani kwetu akisubiri shati lake, akafungua gazeti, akasoma habari zangu. Hakujua kwamba mwenye habari hizo ndiye mimi niliyeshika pasi mbele yake.

Alipomaliza akaguna.

"Mama mkwe anakata kidonge, nusu anameza, nusu anaifunga kwenye kitambaa. Mkamwana amechungulia mlangoni, ameona kila kitu, halafu kanyamaza. Kwa nini anyamaze? Huyu mkamwana ana lake jambo."

"Inawezekana," nikamjibu, nikamkunjia shati.

Basi mnajua nilipowaacha. Kwa ambaye gazeti la wiki iliyopita limeishia kufungia karanga, nitarudia kwa ufupi.

Mimi ni mpiga pasi kwenye duka la dobi. Mume wangu ni fundi wa majokofu, mtaani wanamwita Baridi. Tunaishi vyumba viwili na sebule, pamoja na binti yetu mwenye pumu na mama mkwe wangu mwenye kisukari. Matibabu ya wazee ni bure, na sitasema uongo, ni bure kweli. Kumwona daktari bure, kulazwa bure, kuambiwa pole bure. Dawa tu ndizo huwa zimeisha. Unaandikiwa kikaratasi, unavuka barabara, na duka la dawa lililotazamana na geti la hospitali halijaishiwa hata siku moja.

Hela ya kuvukia barabara anaituma wifi yangu, dada yake Baridi, kila mwisho wa mwezi. Mnunuzi ni mimi. Na wiki ile nilimwona Mama, kwa macho yangu haya, akikata kidonge kwa kisu cha vitunguu na kuficha nusu.

Sikumuuliza. Sababu ya kutomuuliza nitaisema leo hii hii, nikipata ujasiri.

Siku tatu nilimfuata Mama kwa macho kama askari wa getini. Akienda uani, nina nguo za kuanika. Akikaa na jirani yetu muuza mkaa, nina mkaa wa kununua. Nilishamhukumu huyo jirani. Mumewe ana kisukari pia, na mwezi huo walikuwa wamenunua pazia jipya. Nikajiambia: pazia hilo limeshonwa kwa vidonge vyetu.

Lakini kitambaa cha Mama hakikufunguliwa mbele ya jirani hata mara moja.

Jumatano jioni nikafua ovaroli ya Baridi.

Mpiga pasi hawezi kupita mfuko bila kuingiza mkono. Ni ugonjwa wa kazi. Mifukoni mwa watu nimekuta pete, nimekuta barua za mapenzi, nimekuta hata meno ya bandia yakinichekea. Mfukoni mwa mume wangu nikakuta kikaratasi kimekunjwa mara nne. Nikakikunjua.

Ndani kulikuwa na vipande sita vya vidonge. Vyeupe. Kila kimoja nusu.

Nilikaa juu ya ndoo.

Kumbe mama na mwana! Mama anakata, mwana anabeba. Anapeleka wapi? Kidonge kizima mtu atauza. Nusu haiuziki. Nusu anapewa mtu unayemjali, mtu unayemhesabia siku zake.

Hapo mambo mengine yote yakaanza kujipanga yenyewe kichwani. Mume wangu alikuwa amepungua mpaka mkanda wake umeongezwa tundu kwa msumari. Simu yake alikuwa anailaza kifudifudi. Kila Alhamisi alikuwa anatoka mapema, ati kuna jokofu la mteja halishiki baridi. Jokofu gani hilo linaharibika kila Alhamisi? Na zaidi ya yote, alikuwa ameacha sukari kwenye chai. Mwanamume akikataa sukari ya mkewe, ujue kuna chai nyingine anayokunywa.

Nikapata jibu, nikaona limekamilika: mume wangu ana mwanamke, na mwanamke huyo ana kisukari, na mama mkwe wangu anamjua.

Nimeibiwa mume na mgonjwa!

Kikaratasi nikakirudisha mfukoni kilivyokuwa. Usiku nikamtandikia kitanda, nikamwambia lala salama, kama mke mwema.

Alhamisi asubuhi Baridi akaoga, akavaa shati la bluu. Shati hilo nililipiga pasi mwenyewe, na kola nilikuwa nimeitia wanga.

"Leo unarudi saa ngapi, baba watoto?"

"Jokofu likikubali, mchana."

"Na lisipokubali?"

Akanitazama. "Litakubali tu."

Alipopita kona nikamwambia Mama naenda kazini. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, miguu ameinyanyua juu ya kigoda kwa sababu ya ganzi.

"Nenda, mwanangu. Mwenye kazi hachelewi."

Nikatoka, nikamfuata mwanawe.

Sijawahi kutembea vile. Anapanda gari, napanda la nyuma yake. Anashuka, nashuka. Akapita karakana ya magurudumu, akapita shule, akakata kushoto kwenye ukuta mrefu. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia huyo mwanamke. Ya kwanza yalikuwa ya heshima. Ya pili hayaandikiki gazetini.

Baridi akaingia kwenye kituo kidogo cha afya, mbali na mtaa wetu, mahali ambapo hakuna anayetujua.

Nikajiambia: nilijua. Ni nesi.

Nikazunguka upande wa dirisha. Ndani palikuwa na mabenchi mawili na watu wengi. Wakaita jina. Jina lenyewe lilikuwa la marehemu baba yake Baridi. Na mume wangu akainuka!

Akaingia chumba cha pembeni. Dirisha la chumba hicho lilikuwa na pazia fupi, nikachuchumaa. Mwanamke wa makamo, aproni ya kijani, miwani kichwani. Akavuta kiti karibu na mume wangu. Akamshika mkono. Akaanza kumkanda kidole cha kati, taratibu, huku wanacheka.

Nilikuwa nimeshaokota jiwe, nisiwafiche.

Ndipo yule mwanamke akachukua kisindano kidogo, akamchoma kidole, tone la damu likatoka. Akaliweka kwenye kijiti, kijiti kwenye kimashine. Wote wawili wakakitazama kile kimashine kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Sukari kumi na tisa, mara mbili ya inayotakiwa," akasema yule mwanamke. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Bado unameza nusu?"

"Nusu ni bora kuliko hewa, dada nesi."

"Mimi nakupima bure, ushauri nakupa bure. Vidonge hapa kwetu mara ya mwisho viliingia kabla ya mvua. Kanunue, kaka yangu. Utapoteza macho. Utapoteza mguu."

"Nikipata kazi ya maana mwezi huu."

"Mwezi jana ulisema hivyo hivyo."

Jiwe likanitoka mkononi, likagonga bati la kukinga maji chini ya dirisha. Wote wakageuka. Mume wangu akaniona.

Tulikaa kwenye ukuta mfupi nje ya kituo, yeye ameshika pamba kidoleni, mimi nimeshika mkoba kama nasubiri gari.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Miezi minane."

"Miezi minane unalala na mimi kitanda kimoja!"

"Ningekwambia nini? Nyumba ina mtoto wa pumu, ina mama wa sukari. Nikisema na mimi nimo, nani atabeba majokofu ya watu? Dada akijua atagawanya hela ile ile kwa wawili, na Mama atakosa. Nikasema ngoja, labda itashuka yenyewe."

"Imeshuka?"

Akatazama pamba yake. "Mama ndiye aliyenigundua. Alinikuta jikoni namaliza jagi la maji. Hakuuliza swali. Akasema, 'Baba yako alianza hivi hivi.' Kesho yake nikakuta nusu kidonge mfukoni mwa ovaroli. Sikutaka, nakuapia. Nilimrudishia. Unajua alinijibu nini?"

Mama mkwe wangu alikuwa mpishi wa shule maisha yake yote ya kazi. Nilishahisi jibu linakotoka.

"Akasema, 'Mimi nimepikia watoto mia nne chakula cha mia mbili, na hakuna aliyelala na njaa. Leo nishindwe kugawa kidonge?'"

Nikacheka. Kicheko kikanitoka na machozi. Nilikuwa nimemtukana mama huyu moyoni siku tatu mfululizo, na jirani muuza mkaa nikamvua pazia lake bure.

"Lakini nisingekubali," Baridi akaendelea, "kama hali yake isingekuwa nzuri. Aliniambia daktari amempunguzia dozi. Zamani viwili kwa siku, siku hizi kimoja. Daktari hapunguzii mtu dozi kama hajapata nafuu. Ndiyo nikasema sawa, nusu ya hicho haitamdhuru."

Nikaacha kucheka.

Wasomaji wangu, kuna jambo sijawaambia tangu wiki ya kwanza. Nimewaonyesha mkono wa Mama kwenye kisu, nimewaonyesha mfuko wa Baridi, nimewapitisha uani kwa jirani. Mikono yangu mwenyewe nimeificha nyuma.

Daktari hakumpunguzia Mama dozi. Nilimpunguzia mimi.

Ilikuwa miezi sita kabla ya siku ile. Binti yangu alibanwa na kifua mchana kweupe, midomo ikabadilika rangi. Hospitali wakampokea vizuri, wakamweka kwenye mashine, akapumua. Bure. Kisha wakaniambia awe na pampu yake ya kuvuta dawa nyumbani, na pampu, si mnajua, zimeisha. Nilikuwa nimesimama kwenye kaunta ya duka la dawa na hela ya wifi mkononi. Hela ya vidonge sitini vya Mama.

Nikanunua thelathini, na pampu.

Nikamwambia Mama, "Daktari amesema unaendelea vizuri, sasa umeze kimoja tu asubuhi." Nilisema ni mwezi mmoja. Mwezi mmoja ukazaa wa pili, wa pili ukazaa wa tatu. Pampu nayo huisha. Na Mama, masikini, alifurahi. Alinishika mikono yote miwili. "Mwambie daktari Mungu ambariki," akasema.

Ndiyo maana nilipomwona anakata kidonge sikuuliza. Mwizi atamuulizaje mwingine ametoa wapi?

Mimi nilikata nusu bila kumwambia. Yeye akaikata nusu ile nyingine bila kuniambia. Mgonjwa wa vidonge viwili alikuwa anameza robo ya dawa yake, na alikuwa anamshukuru daktari.

"Unawaza nini?" Baridi akauliza.

Nikafungua mdomo nimwambie. Nawaapia, ulimi ulikuwa umeshagusa neno la kwanza. Simu yake ikalia.

Alikuwa wifi. Sauti yake ilikuwa kubwa mpaka mimi nikaisikia.

"Mko wapi nyote? Nimekuja nimekuta Mama yuko chini!"

Tulichukua pikipiki moja sisi wawili. Njia nzima nilikuwa najiuliza: wifi amekuja kufanya nini Alhamisi? Huwa anakuja Jumapili. Ana duka lake la vipuri vya simu, siku ya kazi hafungi hata akiumwa na jino.

Tulimkuta ameketi sakafuni, kichwa cha Mama kwenye mapaja yake. Mama alikuwa anahema haraka haraka, macho yamefunguka nusu, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi.

"Mama," nikamwita.

"Nipo, mwanangu. Miguu tu imekataa."

Jirani muuza mkaa, yule yule niliyemhukumu, alishatoa gari la mumewe. Baridi akatangulia na pikipiki akashike foleni. Mimi nikakaa mbele, mume wa jirani akiendesha. Wifi akakaa nyuma na Mama.

Tulipofika barabara kubwa wifi akasema, "Wifi."

"Abee, wifi."

"Mama anameza dawa?"

"Anameza."

"Zote?"

"Anameza kila siku."

"Nimekuuliza zote."

Nikatazama kioo. Macho yake yalikuwa yananisubiri mle ndani. Nikayakimbia, yangu nikayaweka barabarani, na sikugeuza shingo tena mpaka tunafika.

Getini tukapokelewa vizuri. Kitanda kikapatikana, kadi ya Mama ya siku zote ikatolewa, hakuna aliyetudai. Nesi wa wodi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, akanikabidhi kikaratasi.

"Matibabu ni bure, mama. Leteni tu glavu, sindano, maji ya dripu, vijiti vya kupimia na hii dawa ya kuchoma. Hapa zimeisha. Na damu hii ipelekwe maabara ya ng'ambo ya barabara, mashine yetu inasubiri fundi."

Baridi akapewa kichupa cha damu, akatoka mbio.

Wifi akafungua mkoba, akatoa noti, akaninyooshea. Nikanyoosha mkono. Noti zikasimama hewani kati yetu.

"Hapana," akasema. "Leo nitanunua mwenyewe."

Akatoka. Nikamtazama kwa dirishani akivuka barabara. Muuza dawa ananijua. Anajua vidonge vyangu thelathini, anajua pampu yangu, anajua hata utani wangu wa kuomba punguzo. Wifi akimuuliza neno moja tu, nimekwisha.

Alikaa mle dukani muda mrefu kuliko manunuzi yale.

Aliporudi na mfuko, nilimsoma uso. Sikuona kitu. Uso wa mfanyabiashara haukuambii bei mpaka uulize. Akampa nesi mfuko, akasimama upande wa pili wa kitanda, akakunja mikono.

Daktari akaja. Msichana mdogo, macho yamechoka, kalamu mbili mfukoni na zote hazina vifuniko. Akasoma kadi, akapima, akapima tena.

"Ishirini na nane," akasema. "Kwenye kadi mama anameza viwili kwa siku. Anameza kweli, bila kukosa?"

Mama alikuwa amefumba macho.

"Viwili kwa siku," wifi akasema. "Kila mwezi natuma hela ya sitini." Kisha akanigeukia polepole. "Si ndivyo, wifi?"

Hapa ndipo. Mtu akiniuliza maisha yangu yaliharibikia wapi, nitamwonyesha kitanda kile, cha tatu kutoka mlangoni.

Ningesema kweli, wifi angeniangusha mbele ya wodi nzima, na Baridi angerudi akute mkewe ni mwizi wa dawa za mama yake. Nikajiambia: daktari si ameshaona sukari iko juu? Dawa si inakuja? Kweli yangu itaongeza nini, zaidi ya aibu?

"Ndivyo," nikasema.

Daktari akatikisa kichwa, akaandika. "Basi vidonge vimeshindwa. Mwili umevizoea. Tutaongeza dozi ya vidonge, na sindano nitampa yenye nguvu zaidi kidogo kuliko kawaida."

Nesi akavuta dawa kwenye bomba. Nikaitazama sindano ile ikiingia mkononi mwa Mama. Mwili wa Mama haukuwa umezoea chochote. Ulikuwa na njaa ya dawa miezi sita.

Mchana ule wodi ilikuwa ya moto. Mama alianza kupata nafuu. Pumzi ikatulia, akaomba maji, akamtania nesi kwamba mto wake umejazwa mawe. Wifi akatabasamu. Hata mimi nikaanza kuamini kwamba uongo wangu umepita salama, kama paka apitaye jikoni bila kugusa sufuria.

Baridi akarudi na majibu ya maabara, shati la bluu limelowa jasho. Akaichukua kadi kwenye ubao wa kitanda, akaisoma, akaisoma tena. Akanishika kiwiko, akanivuta mpaka korido.

"Hapa wameandika viwili kwa siku."

"Ndiyo."

"Mama aliniambia kimoja. Aliniambia daktari alimpunguzia. Kwenye kadi hakuna palipoandikwa kupunguza. Tangu mwanzo mpaka leo ni viwili." Alikuwa anazungumza taratibu, kama anapotafuta kasoro ya mashine: waya mmoja baada ya mwingine. "Nani alimwambia Mama ni kimoja?"

Nikamtazama mume wangu. Kidole chake cha kati kilikuwa bado na alama ya kisindano.

"Baba watoto, mimi..."

"Nesi!"

Ilikuwa sauti ya wifi kutoka ndani. "Nesi! Njoo! Mama anatetemeka!"

Tukaingia mbio. Mama alikuwa amelowa jasho mpaka shuka limemganda mwilini. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, baridi ya kitu kilichotolewa kwenye jokofu. Meno yake yalikuwa yanagongana. Nilimwita Mama, akanitazama, akaniita kwa jina la mtu mwingine. Kisha macho yakageuka, yakabaki meupe.

Nesi akamchoma kidole, akatazama kimashine chake, akakitikisa, akakitazama tena.

"Moja na nusu! Imeshuka mpaka moja na nusu! Hii haiwezekani kwa sindano ile peke yake." Akapiga kelele wamwite daktari, wamletee maji ya glukosi, haraka. Akatugeukia sisi watatu tuliosimama miguuni pa kitanda. Hakuwa na muda wa adabu.

"Kuna jambo mnanificha. Sikilizeni. Sitaki kujua nani mbaya na nani mzuri. Nataka kujua mwili huu umekuwa ukipata nini, na haujapata nini. Nani anayesimamia dawa za mama huyu nyumbani? Nani amezichezea?"

Nikasema, "Mimi."

Lakini sikusikia sauti yangu peke yake. Ilitoka pamoja na ya Baridi, naye amesema, "Mimi." Tukageukiana. Na kabla hatujafunga midomo tukagundua kwamba neno lile lilikuwa limesemwa mara tatu.

Wifi alikuwa amenyoosha mkono juu kidogo, kama mtoto wa shule.

"Mimi," akarudia. Machozi yalikuwa yanamteremka bila kelele. "Kila nikija namkuta amezidi kudhoofika. Natuma hela ya vidonge sitini na mama yangu anaisha. Nikasema dawa za hospitali hazimfai, nikamtafutia nyingine."

Akafungua mkoba. Akatoa chupa ndogo ya kahawia, haina karatasi, haina jina, mfuniko wake umefungwa kwa plastiki. Imebaki chini ya nusu. Akampa nesi.

Nesi akaifungua, akanusa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Umeitoa wapi hii?"

Wifi akaufunga mkoba wake.

"Amekunywa kiasi gani? Na lini?"

Wifi akanitazama mimi. Safari hii hayakuwa macho ya kunishtaki. Yalikuwa macho ya mtu anayeomba ashikwe mkono.

"Leo," akasema. "Kwenye gari, wakati wifi amekaa mbele. Nilimnywesha ya siku tatu kwa mara moja."